Mwongozo kamili: kuipa okidi ya ndani mwanga unaoitosha

Kuna malalamiko mawili ninayokutana nayo kila mara kwa watu wanaokuza okidi ndani ya nyumba. La kwanza: mmea una majani makubwa ya kijani kilichokolea, unaonekana na afya tele, lakini tangu maua ya kwanza yapukutike haujachanua tena, na sasa ni mwaka wa pili. La pili: mwenye okidi ameambiwa aiongezee mwanga, akaitoa kwenye kona ya sebule na kuiweka dirishani, na baada ya siku tatu jani la juu limetokwa na baka jeupe kama karatasi.

Makosa haya yanaonekana kama yanapingana, ila chanzo chake ni kimoja. Tunakadiria mwanga kwa macho, na macho hayafai kwa kazi hiyo. Mboni hutanuka penye giza na kusinyaa penye nuru, kwa hiyo sebule yenye luksi 300 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) na baraza yenye luksi 10,000 zote tunaziona zina mwanga. Okidi haina mboni. Kwake tofauti hiyo ni ya njaa na shibe.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo tu: kupima mwanga pale jani lilipo, kuurekebisha kidogo kidogo, kisha kusubiri mmea ujibu. Maji na joto nimeyagusa pale yanapoingiliana na mwanga.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi nyeupe, ya ukubwa wowote unaozidi kiganja.
- Dira. Simu nyingi zinayo.
- Programu ya kupima luksi kwenye simu. Si lazima, lakini inasaidia sana.
- Futi ya kupimia.
- Pazia jepesi jeupe, lile ambalo ukilishika mbele ya uso unaona watu waliopo upande wa pili kama vivuli.
- Kitambaa laini na maji safi.
- Kalamu na kipande cha utepe wa karatasi wa kubandika kwenye chungu.
- Taa ya LED nyeupe na swichi yenye saa, ikiwa tu hatua ya 3 itakuonyesha kwamba dirisha lako halitoshi. Usinunue kabla ya hapo.

## Hatua ya 1: Ijue okidi uliyo nayo

Jina okidi linabeba zaidi ya spishi 25,000. Nyingine huota kwenye matawi ya chini ya miti mikubwa, mahali jua linapofika kwa vipande vipande. Nyingine huota juu kabisa, au kwenye miamba, zikipigwa na jua nusu ya siku. Ndiyo maana ushauri mmoja kwa okidi zote haufai.

Phalaenopsis ndiyo inayouzwa zaidi kwa kukaa ndani. Ina majani mapana na manene yanayopishana kushoto na kulia, haina shina refu, na maua yake bapa yanafanana na nondo aliyetandaza mabawa. Inafurahia luksi 10,000 hadi 15,000 wakati mwanga ukiwa mkali zaidi kwa siku. Paphiopedilum, ambayo ua lake lina kifuko mbele kama ncha ya kiatu, inahitaji kiasi hicho hicho au pungufu kidogo.

Oncidium na Cattleya zina mashina yaliyovimba chini ya majani, na huko ndiko zinakohifadhi maji. Hizi zinataka luksi 20,000 hadi 30,000. Dendrobium nyingi zenye mashina marefu kama miwa zinataka zaidi ya hapo, na Vanda zaidi tena. Niseme wazi kuhusu Vanda: kuichanusha kwa mwanga wa dirisha pekee ni kazi ngumu mno, na kama hii ni okidi yako ya kwanza, chagua nyingine.

Ikiwa hujui jina la mmea wako, uguse. Majani mapana, laini, yanayoinama ni dalili ya mmea wa kivulini. Majani membamba, magumu, yaliyosimama wima ni dalili ya mmea uliozoea jua. Kanuni hii ina vighairi, lakini itakupa pa kuanzia.

Kuanzia hapa vipimo vyote ni vya Phalaenopsis. Kwa nyingine, rekebisha kulingana na viwango vilivyotajwa hapo juu. Hatua ni zile zile.

## Hatua ya 2: Chagua dirisha, kisha umbali

Simama dirishani na usome dira.

Dirisha la mashariki ndilo la kwanza kulifikiria popote duniani. Jua la asubuhi huingia likiwa chini na hewa ikiwa bado na ubaridi wa usiku, kwa hiyo jani hupata nuru bila kupata joto kali. Dirisha la magharibi hupata jua kama hilo alasiri, wakati kuta na hewa zimekwisha pata moto. Linafaa, lakini kwa pazia.

Madirisha ya kaskazini na kusini hutegemea mahali ulipo. Ukiwa mbali na Ikweta upande wa kaskazini wa dunia, jua hupita upande wa kusini, basi dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini huwa hafifu. Ukiwa mbali upande wa kusini, geuza maneno hayo. Karibu na Ikweta mambo hubadilika kwa msimu: mnamo Juni jua huelekea kaskazini, mnamo Desemba huelekea kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa salama kabisa mwezi Desemba laweza kuunguza majani mwezi Juni, na mtu akabaki anashangaa kwa sababu hakuhamisha chungu hata inchi moja.

Umbali ndio unaosahaulika zaidi. Fanya hivi: chuchumaa au inama mpaka macho yako yawe pale hasa majani yatakapokaa, kisha tazama nje. Unaona nini? Ukiona anga kubwa, jani litaliona pia. Ukiona upenu, ukuta wa jirani na ukanda mwembamba wa anga kati yake, basi okidi yako itaishi kwa mwanga uliogonga ukuta ukarudi, na huo ni mdogo sana hata kama chumba kinaonekana cheupe. Rudi nyuma hatua mbili ukiwa umeinama vivyo hivyo, uone anga linavyosinyaa. Sentimita chache hapo zina maana kubwa.

Niliwahi kuwa na Phalaenopsis iliyokaa juu ya kabati la vitabu, mita 3 kutoka dirishani. Ilitoa majani tu, kila jipya refu na lililolegea kuliko lililotangulia. Nilipoweka simu juu ya kabati hilo saa sita mchana ilisoma luksi 400. Kwenye stuli iliyokuwa sentimita 40 kutoka kioo kile kile ilisoma zaidi ya 9,000. Chumba ni kimoja, saa ni ile ile.

Onyo. Usiache jani liguse kioo. Kioo hupata moto mchana na kupoa sana usiku kwenye nchi za baridi, na jani linaloshikana nacho huumia pale pale linapogusa. Vioo vyenye rangi au vilivyobandikwa karatasi ya kuzuia jua hupunguza mwanga mwingi kuliko unavyodhani, usivikadirie, vipime.

Umefanikiwa ukiona sehemu ambayo, kwa kimo cha majani, anga linajaza walau nusu ya dirisha unalotazama.

## Hatua ya 3: Pima kwa kivuli cha mkono

Chagua siku yenye jua. Saa sita mchana, tandaza karatasi nyeupe pale chungu kitakapokaa, kwa kimo cha majani. Ukiwa umesimama pembeni ili mwili wako usizuie dirisha, nyoosha kiganja kati ya karatasi na dirisha, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye karatasi, vidole vikiwa vimeachana.

Sasa angalia kingo za kivuli, usitazame weusi wake.

Kama hakuna kivuli, au inabidi utikise mkono ndipo ujue kipo, hapo ni giza kwa okidi yoyote. Itaendelea kuishi miezi mingi kwa akiba iliyo kwenye majani, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

Kama unaona umbo la mkono, vidole vinahesabika, lakini kingo zake zimefifia kama wino uliomwagikiwa maji, hapo ndipo Phalaenopsis inapopataka.

Kama kivuli ni cheusi na kingo zake ni kali kiasi cha kuona hata kucha, huo ni mwanga wa jua la moja kwa moja. Asubuhi mapema unavumilika. Saa sita mchana unaunguza.

Rudia kipimo saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Sababu ni kwamba dirisha moja laweza kuwa na kivuli kizuri siku nzima isipokuwa dakika 40 za alasiri ambapo jua hupenya kati ya majengo mawili na kuangukia jani moja. Dakika hizo 40 zinatosha kuliharibu. Nimeona baka la aina hiyo likiwa limenyooka kama lilichorwa kwa rula. Lilikuwa umbo la mwanya wa pazia.

Ukitumia simu, ilaze chali pale jani lilipo, kioo kikitazama upande ambao jani linatazama, kwa kuwa kihisi cha mwanga huwa juu ya kioo karibu na kamera ya mbele. Usisimame juu yake. Simu mbili zaweza kutoa namba tofauti mahali pamoja, kwa hiyo namba yenyewe ichukue kama makadirio. Thamani yake kubwa iko kwenye kulinganisha. Andika namba za saa tatu, saa sita na saa tisa kwenye utepe na uubandike kwenye chungu, pamoja na tarehe. Baada ya miezi miwili utashukuru.

Umefanikiwa ukipata kivuli chenye kingo laini saa sita, au luksi kati ya 10,000 na 15,000. Ukipata 6,000 hadi 10,000 bado unaweza kuchanusha Phalaenopsis kama mwanga huo unadumu saa nyingi. Chini ya 4,000 kwa siku nzima, ruka hadi hatua ya 7 kuhusu taa.

## Hatua ya 4: Chuja au ongeza mwanga

Ikiwa kivuli ni kikali mno, tundika pazia jepesi jeupe kati ya kioo na mmea, kisha pima tena. Pazia hilo hufanya kazi mbili: hupunguza mwanga na huusambaza, ili ufike hata kwenye majani ya chini badala ya kupiga jani moja. Bado ni kali? Sogeza chungu nyuma sentimita 20 na upime. Usikimbilie pazia zito. Hilo litakurudisha gizani.

Ikiwa kivuli ni hafifu, anza na usafi. Osha kioo ndani na nje. Kisha futa majani: weka kiganja kimoja chini ya jani ulibebe, na kwa mkono mwingine pitisha kitambaa chenye unyevu kutoka shinani kwenda nchani. Vumbi la miezi kadhaa ni pazia jingine ambalo hukulitundika. Maji yasituame katikati pale majani yanapokutana. Yakilala hapo, moyo wa mmea huoza. Na majani usiyapake mafuta ya kung'arisha, kwa kuwa huziba vitundu vya kupumulia na kunasa vumbi zaidi.

Baada ya hapo, isogeze karibu na dirisha. Kuinua chungu juu ya stuli mara nyingi husaidia kuliko kukisogeza mbele, hasa pale ukuta wa chini ya dirisha unapotupa kivuli.

Tumia chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga kama unacho. Mizizi ya Phalaenopsis ina ukijani wake na huchangia kutengeneza chakula. Tena utaweza kuiona bila kuchokoa chochote.

## Hatua ya 5: Ihamishe polepole

Hapa ndipo panapopotezwa majani mengi, basi tulia nami.

Jani lililokua kivulini limejengwa kwa ajili ya kivuli. Limejaza ukijani mwingi ili linase kila chembe ya nuru, na halijajiwekea kinga dhidi ya jua. Ukilipeleka ghafla penye mwanga mkali linanasa nuru kuliko linavyoweza kuitumia, linapata joto, na seli zake zinakufa. Halitakuonya. Madhara hutokea mchana mmoja na wewe huyaona kesho yake.

Kwa hiyo chukua wiki 3:

1. Wiki ya kwanza, weka okidi kwenye dirisha ulilochagua lakini mita moja nyuma, pazia likiwa limefungwa.
2. Wiki ya pili, isogeze hadi nusu ya umbali huo, pazia likiwa bado limefungwa.
3. Wiki ya tatu, iweke mahali pake pa kudumu. Kama ni dirisha la mashariki, unaweza kufungua pazia hadi saa tatu asubuhi, kisha ulifunge.

Kila siku, wakati mwanga ukiwa mkali zaidi, gusa jani la juu kwa mgongo wa vidole. Linapaswa kuwa la ubaridi au sawa na hewa ya chumba. Ukihisi uvuguvugu, liko hatarini: rudisha chungu nyuma, au ruhusu hewa ipite. Upepo mdogo unaopita juu ya majani huondoa joto, na okidi yenye hewa inayotembea hustahimili mwanga zaidi kuliko ile iliyo kwenye hewa iliyotuama.

Kipimo hiki cha vidole ndicho ninachokiamini kuliko vyote, hata kuliko simu. Namba inakuambia mwanga uliopo. Vidole vinakuambia mwanga huo unalifanya nini jani.

Onyo kuhusu majira. Okidi iliyokwisha zoea dirisha yaweza bado kuungua baada ya wiki kadhaa za mawingu na mvua. Majani huzoea mwanga mdogo wa siku hizo, kisha anga linafunguka siku moja na jua linaingia kwa nguvu zake zote. Mvua zikikatika, funga pazia siku chache za mwanzo.

### Ukikuta limeungua

Baka la jua huanza kama sehemu iliyopauka, kisha huwa jeupe au rangi ya majani makavu, na mwisho hukauka na kubonyea, mara nyingi likiwa na ukingo wa kahawia iliyokoza. Hukaa pale jani linapojikunja na kutazama juu, maana hapo ndipo jua linapopiga. Haliongezeki ukishaondoa mmea juani, na haliponi.

Usikate jani hilo. Sehemu ya kijani iliyobaki bado inalisha mmea, na kwa okidi yenye majani manne, kukata moja ni kuondoa robo ya jiko lake.

Lakini hakikisha si uozo. Uozo wa bakteria ni laini na wenye majimaji, hunuka, na hupanuka kwa siku chache tu. Zungushia baka mstari kwa kalamu. Kama kesho limevuka mstari, kata jani kwa wembe safi, ukichukua na kipande cha sehemu nzima.

## Hatua ya 6: Soma jani jipya, nalo pekee

Sasa subiri wiki 6 hadi 8. Ni muda mrefu, lakini Phalaenopsis hukua polepole, na kuihamisha kila Jumamosi ni kuinyima nafasi ya kukujibu.

Majani ya zamani hayatabadilika umbo. Lile lililorefuka gizani litabaki refu. Jibu lako liko kwenye jani jipya linalochomoza katikati. Lipige picha siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki 2, saa ile ile na mahali pale pale, maana rangi kwenye picha hubadilika na saa.

Kijani kilichokoza sana, jani refu, jembamba na lililoinama: mwanga haujatosha. Watu wengi huisifu rangi hiyo. Ni rangi ya mmea wenye njaa unaojitahidi kukusanya kila kidogo.

Kijani cha wastani chenye kuelekea unjano kwa mbali, jani pana, fupi kiasi, linalojibeba lenyewe: umepata.

Kijani cha njano kote, au kingo zinazoingia wekundu na zambarau: umefika ukomo wa juu. Rudisha nyuma kidogo. Ila baadhi ya aina huzaliwa na zambarau chini ya jani hata kivulini, basi linganisha na jinsi mmea ulivyokuwa ulipouleta nyumbani.

Jani moja la chini kabisa likigeuka njano na kudondoka huku mengine yakiwa mazima, huo ni uzee. Majani yote yakipata unjano na kulegea kwa pamoja, usilaumu mwanga kabla ya kutazama mizizi: mizizi iliyooza hutoa dalili hiyo hiyo. Mizizi mizima ni migumu ukiibonyeza. Iliyooza ni mitupu kama ganda.

Na ukumbuke maji. Mmea uliopata mwanga zaidi hunywa zaidi, na chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku 10 sasa chaweza kukauka kwa 6. Usifuate kalenda ya zamani. Mizizi ya kijani bado ina maji. Ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia.

Umefanikiwa ukiona jani jipya pana lililosimama imara, na ncha za mizizi zenye kijani kibichi au wekundu zikirefuka.

## Hatua ya 7: Taa, pale dirisha linaposhindwa

Taa za LED nyeupe za kawaida zinatosha. Chagua zenye rangi ya mwanga kati ya kelvini 4,000 na 6,500. Taa za zambarau hufanya kazi pia, ila zinakuzuia kusoma rangi ya majani, na kusoma majani ndiyo kazi yetu kubwa hapa. Balbu za zamani za waya hazifai: nyingi ya nguvu zake hutoka kama joto.

Tundika taa juu ya mmea, anza na sentimita 30 kutoka jani la juu, na upime. Lengo ni luksi 7,000 hadi 10,000 kwa saa 12 hadi 14 kwa siku. Huenda ukauliza kwa nini namba hii ni ndogo kuliko ya dirisha. Dirisha hufikia kilele chake kwa muda mfupi na saa nyingine huwa chini sana. Taa hutoa kiasi kile kile kuanzia inapowashwa hadi inapozimwa. Okidi huhesabu jumla ya siku nzima, kama mtungi unaojazwa: bomba dogo likitiririka saa 12 laweza kujaza sawa na bomba kubwa lililofunguliwa saa chache.

Haifiki namba hiyo? Shusha taa sentimita 5, pima tena, na ufanye kile kipimo cha vidole. Taa za LED nazo huunguza zikiwa karibu mno.

Weka swichi yenye saa. Siku utakayochelewa kurudi, taa itajizima yenyewe, na giza ni hitaji la kweli kwa mmea huu. Phalaenopsis hufungua vitundu vya majani usiku ili kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi, huihifadhi kama asidi ndani ya jani, kisha mchana huitumia kutengeneza chakula huku ikiwa imefunga vitundu ili isipoteze maji. Ukiwasha taa saa 24 unavuruga mpango huo wote. Ipe saa 10 za giza, na kama iko sebuleni penye taa hadi usiku wa manane, iwekee kizuizi au ihamishie chumba kinachozimwa mapema.

## Hatua ya 8: Kutoka majani hadi maua

Mwanga huijaza okidi nguvu za kuchanua. Ishara ya kuanza, kwa Phalaenopsis, hutoka kwenye joto. Mmea unaokaa muda wote kwenye joto la zaidi ya nyuzi 28 za Selsiasi hautoi bua la maua hata uwe umeshiba vipi. Usiku wa nyuzi 16 hadi 18 kwa wiki kadhaa mfululizo ndio unaouamsha. Kwa hiyo kama hatua ya 6 imekwenda vizuri, jani jipya ni zuri, na bado hakuna bua, acha kuongeza mwanga. Tafuta ubaridi wa usiku: chumba chenye hewa zaidi, au dirisha linalofunguliwa jua likizama.

Siku moja utaona kitu kinachomoza kati ya majani na utajiuliza ni mzizi au bua. Mzizi una ncha ya mviringo, laini, inayong'aa. Bua lina ncha bapa kidogo yenye kikunjo upande mmoja, na ndani ya siku chache huanza kupanda juu.

Likishathibitika ni bua, chora alama kwenye chungu upande unaotazama dirisha, na usikigeuze tena. Bua hufuata mwanga, na matumba hujipanga kwa kuufuata. Ukigeuza chungu kila siku chache, bua hupinda huku na huku na maua hutazamana ovyo. Ukilitaka lisimame wima, lifunge kwenye kijiti likiwa bado changa na laini.

Matumba yakinyauka na kudondoka kabla ya kufunguka, angalia kwanza kama uliihamishia mahali penye giza ghafla. Kama hapana, angalia upepo wa kiyoyozi, ukavu wa mizizi, na bakuli la matunda. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huangusha matumba.

Maua yakishafunguka yote unaweza kuiweka mezani uifurahie, na kweli maua hudumu zaidi nje ya jua. Ila maua ya Phalaenopsis hukaa miezi 2 hadi 3, na miezi 3 kwenye kona ya luksi 400 ni njaa ndefu kwa majani uliyoyajenga kwa subira. Mimi huipa siku za wageni tu mezani, kisha hurudi dirishani, alama yake ikitazama pale pale.

Ua la mwisho likidondoka, sasa kigeuze chungu nusu duara ili majani ya upande wa pili nayo yapate zamu yake. Jua litakuwa limesogea tangu ulipopima mara ya kwanza, basi chukua ile karatasi nyeupe, unyooshe mkono saa sita, na uandike namba mpya chini ya zile za zamani kwenye utepe.